Acheni kuosha sarafu za Kirumi kwa ndimu na chumvi!

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu anapandisha picha ya sarafu "iliyosafishwa", ukiikuza unaona mikwaruzo ya waya wa kusugulia sufuria. Ndimu na chumvi ni dawa ya masinia ya shaba ya bibi, si ya sarafu za kaisari Aurelian!

Sarafu alizogongesha huyo kaisari baada ya mageuzi ya mwaka 274, zile zenye alama XXI, ni shaba yenye fedha kama asilimia 5 tu. Weupe wake ni utando mwembamba wa juu. Asidi ya ndimu au siki inakula shaba iliyo chini, utando unabanduka, basi.

Chumvi ndiyo balaa lenyewe. Unaipakia shaba kloridi, nayo ikipata unyevu na hewa inatoa unga wa kijani mpauko unaochimba mashimo. Ukiufuta leo, kesho umerudi. Wa Tanga na Mombasa, kwa unyevu ule wa pwani, msithubutu kabisa. Sarafu yenye unga huo itengwe, ilowekwe kwenye maji yenye sodiamu seskikaboneti (kemikali ya jamii ya magadi) ya asilimia 5 kwa wiki kadhaa.

Na huko kusugua! Kwenye sarafu ya kaisari Constantine yenye maneno SOLI INVICTO COMITI, tazama chini ya miguu ya mungu jua. Ukikuta PLN, imegongwa London, karakana iliyofungwa mwaka 325. Herufi zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele. Ukishapitisha waya hapo, haitajulikana tena ilitoka London au karakana ya Trier.

Kinachotakiwa ni subira tu. Loweka kwenye maji ya betri (yale yasiyo na asidi, someni chupa jamani), badilisha kila baada ya siku 2 au 3, hata mwezi mzima. Udongo ukilegea, uchokonoe kwa kijiti cha meno chini ya lensi, sarafu ikiwa bado mbichi. Ukifikia utando laini wa kijani au kahawia, hapo simama. Hiyo ndiyo ngozi yake, na maandishi yamo humo humo. Kausha kabisa, weka kwenye kopo lenye vile vifuko vya silika vya viatu vipya.

Nyie wauzaji nao: shaba ya miaka 1,700 haiwi nyekundu kama waya mpya wa umeme. Andikeni "imesuguliwa", bei ishuke, tujue moja.