Upepo wa Boxer ya Sele

Sele: Shikamooni wote. Baba mdogo, niko Msamvu kwa jamaa wa upepo. Anataka kunijazia tairi la nyuma la pikipiki mpaka psi 40 za upepo, anasema ndivyo ilivyoandikwa ubavuni. Nimemwambia asubiri kwanza. Kesho nampeleka mama Matombo, na kuna gunia la mchele.

Baba Mdogo Athumani: Marahaba. Umefanya vyema kumsimamisha. Hiyo ya ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe, likiwa limepoa na limebeba uzito wake wote. Tairi hilo hilo linafungwa kwenye pikipiki za kila aina, haliijui Boxer yako. Namba yako iko kwenye kitabu cha pikipiki.

Sele: Kitabu kiko kwa dada Rehema.

Rehema: Ninacho hapa. Mbele psi 25. Nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukipakia mtu.

Juma wa Dodoma: Mimi nabonyeza kwa gumba tu miaka yote, na sina shida.

Baba Mdogo Athumani: Juma mwanangu, gumba halitofautishi 20 na 30. Matairi haya ya mzigo yana ubavu mgumu, hata likiwa na upepo kidogo linasimama. Lakini ukilipanda linakunjika kila mzunguko, linachemka, linalika kingo, na mafuta yanakwenda zaidi. Kwenye mawe ndiyo usiseme: tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, unakuta matundu mawili yamekaa sambamba.

Baba Mdogo Athumani: Na kuna hili ambalo linanikosesha usingizi. Tairi legevu linateleza juu ya rimu ukifunga breki, linaivuta tyubu, valvu inalala upande. Mtu anaona imeinama, anaivuta kwa koleo, anaendelea na safari. Siku moja tyubu inachanika pale shingoni, upepo unaisha wote kwa mara moja, na nyuma kuna abiria. Ukiona imeinama, toa upepo, rudisha tairi na tyubu mahali pake, ndipo ujaze upya.

Mama Sele: Ee Mola wangu. Sele, ziangalie hizo valvu sasa hivi.

Sele: Zote mbili zimesimama wima, mama. Ila baba mdogo, kwa kuwa kuna mzigo, si bora hiyo 40?

Baba Mdogo Athumani: Hapana. Ukizidisha, tairi linagusa barabara kwa kipande kidogo cha katikati. Kwenye changarawe za kule, mvua ikinyesha, utashuka mlima huku gurudumu la nyuma linateleza kila ukigusa breki. Tena mgongo wa mama yako utapokea kila jiwe. 32 imeshamhesabu abiria. Gunia juu ya abiria halimo kwenye hesabu hiyo, na upepo hauwezi kulifidia. Mchele upande gari.

Mama Sele: Basi mchele aupeleke Rehema stendi. Sitaki ubishi.

Rehema: Sawa mama, naupeleka.

Sele: Kwa hiyo ajaze 32 sasa hivi?

Baba Mdogo Athumani: Umetoka Mazimbu kwenye jua hili, matairi ni ya moto. Joto la tairi likipanda nyuzi 10 hivi, upepo nao unapanda kama psi 1 na nusu. Ukiweka 32 sasa, alfajiri utaikuta imeshuka. Mwambie aweke 36 nyuma, 28 mbele. Kesho kabla hujawasha, pima na upunguze mpaka 32 na 25. Tairi likae muda wa saa 3 bila kutembea, hapo ndipo namba za kitabu zina maana.

Sele: Ameweka. Geji yake lakini ina kioo kilichopasuka.

Baba Mdogo Athumani: Ndiyo maana upime kwa yako. Geji za mtaani zinadondoshwa kutwa. Na usisahau vifuniko vya valvu, vumbi likiingia upepo unavuja polepole.

Rehema: Geji iko kwangu na kitabu. Pitia jioni.

Juma wa Dodoma: Baba mdogo, TVS yangu niliinunua mkononi mwa mtu, kitabu sina.

Baba Mdogo Athumani: Tazama stika kwenye kava la cheni. Kama imefutika, nitumie aina yake na cc za injini, nikutafutie kitabu chake. Usichukue namba za Sele.

Juma wa Dodoma: Nakwenda kuitazama sasa hivi.