Naomba ushauri: aksoloti wangu amegoma kula

Habarini wakuu, nipo Ujiji hapa Kigoma, kuna jamaa amehama akaniachia aksoloti, yule mnyama wa majini jamii ya salamanda mwenye asili ya Mexico, wageni wakija home wanadhani nafuga mtoto wa kambare. Sasa leo siku ya 4 hali, nyungunyungu nikimsogezea mdomoni anamdaka halafu anamtema, na yale matamvua yake ya kichwani yamejikunja kwa mbele, moja lina kitu cheupe kama pamba.

Nimepima maji, mchana joto lake linafika nyuzi 27 na najua huyu anataka 16 mpaka 18, kwahiyo nagandisha chupa za maji kwa jirani mwenye friza (ananichaji bei ya barafu kabisa) naziweka zinaelea, na feni nimeielekeza juu ya tangi ila umeme ukikatika tu joto linarudi palepale. Maji natumia ya ziwani, nabadilisha robo kila baada ya siku mbili.

Naombeni kujua, haya maji ya Tanganyika ambayo pH yake (kile kipimo cha asidi na alkali) inagonga karibu 9 ndo yanamuumiza au ni joto tu? Na hako kapamba, nimuogeshe maji ya chumvi, kiasi gani na dakika ngapi, au nihangaike na joto kwanza?