Mnatufungia mitungi ya gesi sisi wa Tabora, gesi yenyewe tukajaze wapi?

Wakuu,

Naandika nikiwa Ipuli, Tabora mjini. Gari langu liko nje ya geti, na mtungi wa gesi ya kuendeshea gari badala ya petroli (CNG) umelala kwenye buti tangu mwezi wa tatu haujaongezwa hata kilo moja. Hasira hii nimeibeba muda mrefu. Leo naitoa, na sehemu yake ni yenu ninyi mnaoandika "funga gesi mkuu, sahau sheli" kwenye kila mjadala wa mafuta humu jukwaani bila kumuuliza mtu anaishi wapi.

Mimi nina duka la pembejeo Urambo, familia iko Tabora. Kwa wiki nakwenda na kurudi mara tatu, na kila safari ni kama kilomita 180. Natumia Toyota IST ya zamani, injini ya 1NZ, cc 1500. Ikiwa na mifuko ya mbegu nyuma inamaliza lita 13, siku nyingine 14. Na mnajua bei za EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, zinavyotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi: Dar ina yake, sisi tunaongezewa gharama ya kusafirisha. Agosti 2022 petroli ilipofika shilingi 3,410 pale Dar, tena ruzuku ya serikali ikiwa ndani yake, huku tulikuwa juu zaidi. Ndipo nilipoanza kufuatilia habari za gesi. Nilisoma kila mlichoandika. Nikaweka akiba kidogo kidogo, maana duka la pembejeo lina msimu, na mkulima wa tumbaku hana hela mpaka masoko yafunguliwe.

Mwezi wa tatu nikaendesha mpaka Dar kufunga mfumo wa gesi. Gereji sitaitaja. Kabla ya kwenda nilimuuliza jamaa wa gereji hiyo kwa WhatsApp mara mbili, na sauti zake ninazo mpaka leo: "Mimi naishi Tabora, nitajaza wapi?" Mara ya kwanza akajibu kwamba vituo vinafunguliwa mikoa yote. Mara ya pili akasema Tabora ni ndani ya miezi sita, nisiwe na wasiwasi, wateja wa mikoani anao wengi. Nikalipa milioni 1.9. Wakanifungia mtungi wa chuma wa lita 60, regyuleta ya kupunguza mgandamizo wa gesi, injekta za gesi na swichi kwenye dashibodi. Kazi yao kwa macho ilikuwa safi, hilo silikatai.

Nikaenda kujaza. Kilo 10 kwa shilingi 1,550 kila kilo, jumla 15,500. Nilifurahi, wakuu. Nilimpigia mke wangu simu nikiwa palepale kituoni. Gari linawaka kwa petroli, baada ya dakika chache linahamia gesi lenyewe, na linakwenda vizuri ingawa mlimani nguvu inapungua kidogo. Gesi iliisha Mikese, Morogoro yenyewe sijaifikia. Kilomita zaidi ya 600 zilizobaki nimekuja kwa petroli, Dodoma, Manyoni, Itigi, Nyahua, mpaka nyumbani, huku nimebeba chuma cha zaidi ya kilo 60 kisicho na kazi.

Na hiyo ndiyo hali mpaka leo. Nimekuwa mtu wa petroli kama zamani, ila sasa namchukua abiria wa kilo 60 kila safari bila nauli. Buti limekwisha. Mifuko ya mbegu iliyokuwa inaingia nyuma sasa inakaa kwenye viti vya abiria. Springi za nyuma zimeanza kulala. Mwezi wa tano gari likaanza kumisi na taa ya injini ikawaka. Nimezunguka kwa mafundi watatu hapa mjini, wote wazuri kwa IST, lakini kila mmoja akifungua boneti anakutana na nyaya asizozijua. Wa tatu ndiye aliyegundua kwamba ule waya waliouunga kwenye injekta za petroli umelegea. Alitumia siku nzima kuutafuta, na siku yake nimeilipa mimi.

Nikampigia yule jamaa wa gereji. Unajua alichonijibu? "Vituo si kazi yetu, hiyo ni kazi ya serikali." Wakati anataka hela yangu, kufunguliwa kwa vituo alikuwa anakujua kwa miezi. Hela ilipoingia, kikawa kitu cha serikali.

Sasa nirudi kwenu. Mambo haya hayakuwa siri, na humu ndani kuna watu wanaoyajua kunishinda. Gesi yetu inatoka Songo Songo na Mnazi Bay. Bomba kubwa lililokamilika 2015 linatoka Mtwara linaishia Dar, na halina tawi linalopanda kuja huku bara. Ndiyo maana vituo vingi vimekaa Dar: Ubungo, Tazara, uwanja wa ndege na kando ya hapo. Mkazi wa Kimara anayefunga gesi amefanya jambo la akili, akaunti yake ya benki itamwambia. Lakini aliyeko Tabora, Kigoma, Mpanda au Kaliua anahitaji jibu la swali moja kabla ya mengine yote, na hakuna hata mmoja wenu anayeliuliza.

Kuna waliojibu kwamba bomba linapita mkoani kwetu, tusubiri. Jamani. Bomba linalopita Nzega na Igunga ni la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga. Kiwanda cha pale Sojo ni cha kuyavika mabomba hayo vifaa vya kuhifadhi joto, kwa sababu mafuta ya Uganda ni mazito na yakipoa yanaganda. Yanakwenda melini. Hakuna gari litakalojazwa kutoka humo. Mtu akisoma jibu kama hilo anakwenda kutoa milioni mbili kwa imani kwamba bomba limemkaribia.

Wengine mnasema gesi italetwa kwa malori kutoka kituo mama, yaani kituo kikubwa cha kushindilia gesi. Inawezekana kweli, teknolojia ipo, gesi inashindiliwa kwenye mitungi mirefu na kusafirishwa. Lakini piga hesabu. Lori lije kilomita zaidi ya 800 likichoma dizeli, lirudi tupu kilomita zilezile, halafu kilo iuzwe hapa Tabora 1,550? Haiwezekani. Hata kituo kikija, ile nusu ya gharama ya petroli mnayotuhubiria haitakuwa nusu huku. Juni 2024 serikali ilipopendekeza ushuru wa shilingi 382 kwa kilo ya gesi ya magari, mlilalamika sana, na mlikuwa na haki. Mimi nilikuwa nasoma nikiwaza kwamba ningeilipa hiyo 382 bila kelele, mradi gesi yenyewe niione.

Jambo linaloniuma kuliko hela ni hili linalofuata, na naomba msilipite haraka.

Mtu akishafunga mfumo na gesi haipo, hakosekani wa kumwambia atumie gesi ya kupikia. Mimi nimeambiwa mara nne. Fundi mmoja alikuja mpaka nyumbani na mtungi wa kilo 15, anasema ataulaza pale nyuma na kuunganisha kwenye mpira uleule, kwamba gesi ni gesi. Nilimfukuza. Lakini nimeona gari hapa mjini lililofungwa hivyo, nimelisogelea na harufu inatoka kwenye viti, na mwenye gari anabeba watoto wa shule.

Gesi si gesi. Ile ya magari ya Dar ni methani, imeshindiliwa kwa mgandamizo wa bar 200, na regyuleta imetengenezwa kwa ajili hiyo. Ya kupikia ni propani na butani, iko kama maji ndani ya mtungi, na mgandamizo wake haufiki hata bar 10 kwa joto letu la kawaida. Mtungi wa jikoni umeundwa usimame, mvuke utoke juu. Ukiulaza, kinachotoka ni kimiminika. Hauna vali ya kujifunga gari likizimika au likigonga. Tena methani ikivuja ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kutawanyika. Ya kupikia ni nzito, inashuka inajaa sakafuni, chini ya kapeti, kwenye buti, inangoja cheche moja ya swichi. Nchi nyingine magari yanatembea kwa gesi ya aina hiyo, ndiyo, lakini kwa tangi lake maalumu linalokataa kujazwa kupita asilimia 80 na mfumo wake wenyewe. Hakuna anayebeba mtungi wa jikoni. Anayemshauri mtu wa Tabora afanye hivyo anamweka ndani ya gari lenye moto na wanawe. Naliandika hili nikiwa na maana ya kila neno.

Halafu ushauri wa pili mnaoutoa: "uza hilo chuma, chukua Aqua," yaani haibridi ya Toyota, ya petroli na umeme, isiyokula mafuta mengi. Hela ya kununulia iko wapi? Mtu anayelalamikia lita 13 za petroli mnamwambia akanunue gari. Kodi mnazijua: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa cc, VAT 18, na gari likizidi miaka 10 kuna uchakavu asilimia 30 juu yake. Ukijumlisha yote kwa gari la cc 1500 lililozeeka, kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe, na thamani hiyo ni ile iliyo kwenye mfumo wa TRA, hata kama Japani ulinunua kwa bei ya chini. Na Aqua ina betri ya haibridi chini ya kiti cha nyuma, yenye feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari. Vumbi la huku mnalijua? Feni ikiziba, betri inachemka na kufa mapema. Aqua ni gari zuri, na anayesafisha chujio lake ataishi nalo. Lakini mwambieni mtu na hilo, msimwambie kilomita kwa lita peke yake.

 

Ninachotaka ni hiki. Mtu wa mkoani akiuliza kuhusu gesi, swali la kwanza liwe kituo kiko kilomita ngapi kutoka kwake, leo, si mwakani. Gereji inayofunga mfumo kwa mteja wa mbali imwandikie kwenye karatasi mahali pa kujaza palipo karibu naye, na asaini. Ningeonyeshwa karatasi hiyo imeandikwa "Dar es Salaam", milioni 1.9 ingekuwa dukani kwangu sasa hivi, imekuwa mbolea.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu uliyeniambia nilipaswa kujua mwenyewe: nimeuliza mara mbili na sauti ninazo. Mteja afanye nini zaidi ya kuuliza?

Uliyeuliza kama nimeomba kurudishiwa hela: nimeomba. Wamesema mfumo ukishafungwa haurudishwi, lakini watanitolea bure nikilipeleka gari Dar. Kwenda na kurudi ni mafuta ya zaidi ya kilomita 1,600.

Ndugu wa Kasulu uliyeniandikia kwamba umeshalipa nusu na unaenda kufunga wiki ijayo, nakuomba usiende. Idai hiyo nusu hata kama watakukata. Ukipata hasara ya laki mbili leo umepona.

Na dada wa Kigoma mjini uliyesema shemeji yako ana Noah iliyofungiwa mtungi wa jikoni: mpigie leo. Usingoje mwisho wa wiki.

Jumamosi yule fundi wa tatu anakuja kuushusha mtungi na kurudisha nyaya zote za injekta kama zilivyotoka kiwandani. Mtungi una cheti na tarehe ya kupimwa imegongwa shingoni, regyuleta ina kilomita zisizofika 200 za kazi. Nauza vyote pamoja, na sitamuuzia mtu wa huku.