Michango ya mafuriko Kahe: inadonolewa wapi, na tuibane vipi

Kutoka: mweka hazina, Reading

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha mlio huku Uingereza,

Masika yanakaribia, na mnajua maji ya Mlima Kilimanjaro yanakoishia: Kahe, Mabogini, Arusha Chini. Tunataka mfuko uwe tayari kabla ya mvua. Nusu ya wanachama wanasema hawachangi kwa sababu "zitaliwa tu". Nusu nyingine wanataka tujaze kontena la nguo na magodoro. Wenye ujuzi wa hesabu, forodha na ugawaji, naomba mseme: rushwa inakula wapi hasa?

Kutoka: mhasibu, Leicester

Shikamoo wakubwa. Mangi, umeuliza vizuri kusema "wapi".

Lori zima haliibiwi, linaonekana mno. Kinachofanyika ni kudonoa, na sehemu nne ndizo hudonolewa: akaunti, ununuzi, orodha na kipimo.

Akaunti kwanza. Kagera ilitikiswa na tetemeko Septemba 10, 2016. Mwezi huohuo Rais Magufuli alitengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya kamati ya maafa. Kwa hiyo namba ya akaunti isichukuliwe kwenye picha inayozunguka WhatsApp, hata kama ina nembo. Itoke kwenye barua yenye muhuri, kisha mtu wetu aliyeko Moshi aende ofisini kwa miguu yake aithibitishe tarakimu kwa tarakimu. Akaunti ya mtu binafsi msiikubali, hata ya padri au shehe.

Kagera ina funzo la pili ambalo watu hulichanganya na wizi. Baadaye serikali ilisema wazi kwamba fedha za tetemeko zitakarabati miundombinu ya umma, kama shule na vituo vya afya, si nyumba ya mtu mmoja mmoja. Hapo hakuna aliyetia hela mfukoni, ila mchangiaji aliyedhani anamwezekea bibi fulani bati alikasirika vilevile. Dawa yake ni sentensi moja kwenye barua ya mchango: fedha hizi ni za chakula na vyombo vya kaya zilizoorodheshwa, na zikibaki turudiwe kwanza kwa maandishi kabla hazijapelekwa kwingine.

Ununuzi: nukuu tatu za bei, risiti ya EFD (mashine ya kodi), na namba yake ya uhakiki iingizwe kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, siku hiyohiyo. Risiti iliyoandikwa "mahitaji mbalimbali" irudishwe dukani. Tunataka kilo ngapi, mifuko mingapi, bei ya mmoja.

Kutoka: wakala wa forodha, Moshi

Habari za huko. Kontena nawaomba mliache, na sisemi hivyo kwa kuogopa kazi.

Nguo za mitumba ushuru wake katika Afrika Mashariki ni asilimia 35 ya thamani au dola 0.40 kwa kilo, ipi kubwa. Msamaha kwa bidhaa za maafa upo kisheria, ila unaombwa, na barua zake zinatakiwa zitangulie meli. Mzigo ukishushwa barua hazijakamilika, siku za bure zinakwisha na gharama za kuhifadhi zinaanza kupanda kila siku. Ndipo anapotokea mtu wa kuwaambia "toeni kitu kidogo itoke leo". Aliyewaweka pabaya hapo ni karatasi zenu. Na ninyi mlioko Uingereza, sheria ya rushwa ya 2010 ya huko inamfuata aliye Reading hata kama chai imenywewa Dar es Salaam. Kusema ilikuwa ya kuharakisha tu si utetezi.

Tena TBS, shirika la viwango, hairuhusu nguo za ndani za mitumba, na dawa zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa. Balo moja lililochanganywa hovyo linaweza kulizuia kontena zima. Magodoro yapo Moshi mjini, nayo hayana ushuru wa kulipia tena.

Kutoka: dada wa Birmingham

Asanteni. Lakini kwa nini kila mtu asimtumie ndugu yake kwa simu, biashara ikaisha? Hapo hakuna kamati wala muhuri.

Kutoka: mgawaji wa misaada, Moshi

Dada, hiyo inafika, tena haraka, na mwenye ndugu nje atume. Tatizo ni kibarua wa mashamba ya mpunga aliyetoka mkoa mwingine: hana wa kumtumia, na mwenyekiti wa kitongoji hamjui jina. Mimi ningeweka nguvu zote kwenye orodha, maana ndiko kwenye ulaji mkubwa usioacha alama.

Makosa ni yaleyale. Kaya moja inagawanywa tatu: baba, mama na kijana. Mwenye nyumba anaandikwa, wapangaji wake wanne waliopoteza kila kitu hawamo. Shemeji wa kiongozi, nyumba yake iko mwinuko, yumo. Orodha iwe na mkuu wa kaya, idadi ya watu, kitongoji, hasara, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na ya simu. Ipangwe kwa namba hizo, si kwa majina. Waliojirudia wanajitokeza wenyewe. Kisha isomwe kwa sauti mkutanoni na ibandikwe ofisi ya mtendaji, kanisani na msikitini, bila namba za simu na NIDA, kwa saa 24 za pingamizi. Majirani wanajua nani maji yalimfikia.

Mkituma kwa simu, linganisheni jina la usajili wa laini na la orodhani kabla ya kubonyeza. Wazee wengi wanatumia laini ya mtoto, na waliopoteza simu wanahitaji NIDA na alama ya kidole kurudisha laini. Hao wapewe njia nyingine, yaani fedha mkononi mbele ya mashahidi wawili na saini au dole gumba. Ongezeni ada ya kutolea.

Chakula: gramu 450 za unga, 60 za maharage na 30 za mafuta kwa mtu kwa siku zinakaribia kalori 2,100. Kaya ya watu 5 kwa siku 14 ni kilo 31.5 za unga, 4.2 za maharage na lita 2.3 za mafuta. Nunueni unga uliofungwa, mifuko ya 25, 5 na 2, muhesabu mifuko. Msikubali kupima kwa sado, yaani kopo la sokoni. Sado ya mahindi ni kilo 3 hivi. Ikipungua robo kilo kila mchoto, kaya ya sado 10 imepoteza kilo 2.5, na kaya 200 ni gunia tano za kilo 100. Mchotaji hajaiba mbele ya mtu yeyote.

Barua ya kwanza iende kwa mkuu wa wilaya, maana ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa ya wilaya. Mkiambiwa mzigo uingie stoo ya wilaya, uingie kwa hati nakala tatu: yenu, ya mtunza stoo, ya mtendaji wa kata. Lori likichelewa, ulizeni barabara kwanza. Masika udongo wa Kahe hunasa hata trekta. Hati na leja ya stoo zikipishana, pigeni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa: 113, bure.

Na msimalize hela wiki ya kwanza. Katesh, mkoani Manyara, baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, nyumba zaidi ya 100 za waathirika zilikabidhiwa mwaka mzima baadaye. Wiki ya tatu watu huwa na unga bila sufuria.

Kutoka: mweka hazina, Reading

Kontena tumelifuta. Natafuta wawili wa Mabogini wa kuhakiki orodha, wasio na undugu na mwenyekiti wala kati yao wenyewe. Hapo ndipo kazi ilipo, maana kule wote ni mashemeji.