Tupeane uzoefu: mliofanyiwa operesheni ya ACL (ligamenti iliyo katikati ya goti), paja lilianza kukaza lini?

Wakuu, habari za leo. Nimefanyiwa operesheni ya ACL, wametumia kano za nyuma ya paja kutengeneza ligamenti mpya. Kidonda kimekauka na daktari karidhika. Shida ni paja. Nikiambiwa "kaza", natoka jasho lakini msuli wa mbele umelegea tu. Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) anasema si uvivu: goti likijaa maji, neva zake zinauzuia msuli usikaze, hata kama wenyewe haukuguswa. Waliopitia haya waje.

Mzee wa Kona: Pole sana mkuu. Wangu ulianza kujibu uvimbe ulipopungua. Barafu, mguu juu ya mito, halafu kunja taulo uweke chini ya goti, ulikandamize, hesabu tano, achia. Weka vidole juu kidogo ya pia ya goti, upande wa ndani. Pakigutuka hapo, shukuru Mungu. Kunyanyua mguu usiharakishe. Kama kisigino kinapanda huku goti limekunjika kidogo, paja bado.

Mama Wawili: Sio wanamichezo tu jamani, mimi nilitua vibaya nikishuka daladala. Kupanda ngazi niliweza mapema, kushuka ndiyo balaa, goti linatetemeka halafu linaachia. Nilipewa zoezi la kushuka kwenye tofali taratibu mbele ya kioo, nikiangalia goti lisiingie ndani. Linachosha! Bima ilikata kabla paja halijajaa, nikamalizia nyumbani na tofali langu.

Beki Mbili: Nyie wa ndondo, maumivu kuisha sio kupona. Mimi niliambiwa mpira usahau kabla ya miezi 9, na hata hapo nguvu ya paja ifike angalau asilimia 90 ya ule mguu usioumia. Kwenye kuruka kwa mguu mmoja nilifikisha umbali ule ule, nikashangilia. Fizio akanionyesha video: natua kwa kuinamisha kiuno, paja limetulia tu halifanyi kazi.

Mleta mada: Asanteni. Kuna aliyewekewa ile mashine ya umeme ya kukazisha msuli?

Mama Wawili: Mimi. Inachomachoma ila inavumilika. Ikikaza na wewe kaza. Ukilala unachezea simu, hupati kitu.