MRI ya ini kwa watoto, picha zinajaa vivuli

fundi_sumaku: Wadau naombeni msaada, watoto wa miaka 3 hadi 5 wananitesa kwenye MRI (picha za mashine ya sumaku) ya ini. Kubana pumzi hawawezi, T1 (aina mojawapo ya picha za MRI) inajaa vivuli vya ukuta wa tumbo vinavyojirudia juu ya ini hadi uvimbe mdogo huuoni. Sasa wote niwalaze kwa dawa jamani?

mama_picha: Dawa isiwe jibu la kwanza, na hata akilala si bado anapumua, ini linapanda na kushuka vilevile 😅 Mi T1 natumia sekwensi ya radiali (namna ya kukusanya data ya picha kwa mistari kama spoku za baiskeli), mtoto anapumua zake kawaida, kila mstari unapita katikati ya data kwa hiyo mwendo unasambaa, badala ya vivuli unapata michirizi tu. T2 (aina nyingine ya picha) weka triga ya pumzi, yaani mashine isubiri pumzi, kwa mkanda tumboni au navigeta (kifuatilia mwendo) kwenye kiwambo, msuli wa kupumulia, inachukua data akishatoa pumzi. Ila akipumua ovyo ovyo hiyo triga itakuchelewesha mpaka ukome.

skani_usiku: Ongeza na bendi ya kuzima signali ya mafuta ya mbele ya tumbo, vivuli vingi vinatokea hapo. Wachanga nyonyesha, viringisha kwenye blanketi, ziba masikio, subiri alale mwenyewe. Wakubwa kidogo wafundishe kubana pumzi kabla hawajaingia mashineni, na wabane wakishatoa siyo wakishavuta, ndo ini linarudi palepale.

fundi_sumaku: Kumbe! Radiali ipo kwenye mashine yetu na sijawahi hata kuigusa, kesho naijaribu.