Tupeane uzoefu: boti, hema na ndoano kwa sisi tunaotoka wikendi Ziwa Victoria

Mwangaluka wakuu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, naona jamaa zangu wengi wanabeba hema wanavuka kwenda upande wa Sengerema na Geita. Wengine wananiuliza wanunue boti gani, kwa kuwa nimekaa na boti hapa Mwanza miaka mingi. Naomba tuweke hapa yale tuliyoyaona wenyewe, siyo ya kusimuliwa. Naanza mimi.

Watu wengi huanza na injini: "Nimepata ya nguvu farasi 40, bei nzuri, nitafute boti ya kuifunga." Mimi huwaambia waanze na idadi ya watu na maji watakayopita. Kama safari zako ni Capri Point hadi kisiwa cha Saanane asubuhi, boti fupi ya faiba na injini ya 15 inatosha kabisa. Ukitoka nje ya ghuba, habari ni nyingine. Mawimbi ya ziwa hili ni mafupi na yanafuatana, hayakupi nafasi kama ya bahari. Boti ya kitako bapa inayapiga kwa tumbo, abiria wanaumia migongo na maji yanaingia kwa mbele. Tafuta yenye mkuku (ule uti wa chini unaopita katikati ya boti) na pua iliyochongoka, inayopasua wimbi.

Kipimo changu kabla ya kulipa: pakia watu, mafuta, maji ya kunywa, hema na majiko, boti ikiwa karibu na ufukwe. Tazama ukuta uliobaki juu ya maji. Kama mtu aliyekaa ukingoni anagusa maji bila kuinama, chombo hicho hakikufai kwa mzigo huo, hata muuzaji akuapie.

Fundi wa mwaloni, Kirumba:
Naongezea kwa upande wa mbao, maana wengi hawana hela ya faiba. Mtumbwi uliotumika usiununue ukiwa majini. Mwambie mwenyewe aupandishe nchi kavu, ukauke, ndipo uingie ndani na bisibisi. Choma mataruma, zile mbavu za ndani, karibu na mkuku, pale maji yanapotuama. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, ondoka. Rangi mpya nje nzima na ndani hakuna rangi, uliza kwa nini. Kalafati, ile pamba ya kuziba kati ya mbao, ikitoka kidogo si kasoro, hiyo unapiga upya. Mbao iliyopasuka kwenye mstari wa misumari ndiyo mbaya, kwa sababu msumari mpya hautashika.

Injini ifungwe kwa mnyororo, na pia kwa kamba ya pili kwenye taruma. Mnyororo ni kwa ajili ya wezi, kamba ni kwa siku vifungio vitakapolegea katikati ya safari. Beba plagi za akiba, pini ya propela, kamba ya kuwashia na kisu kikali. Kisu ni cha nyavu na magugu maji. Hakuna mwezi unaopita bila mtu kuletwa hapa kwa kuvutwa, propela imesokotwa wavu.

Dada wa Ukerewe:
Shikamooni wakubwa. Sisi wa huku, tangu kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, jaketi okozi na idadi ya watu si mambo ya kubishania. Nawaomba mnaokuja na watoto: jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Linapanda, yeye anateleza chini. Nunueni lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, mumvalishe kabla hajakanyaga boti, na abaki nalo hadi atakaposhuka.

La pili ni saa. Huku upepo una tabia yake. Alfajiri hutoka nchi kavu na maji yanatulia. Jua likipanda, nchi inapata joto, hewa inaanza kuvuta kutoka ziwani, na mchana ghuba ya Speke inachafuka. Wageni hulala, wanakunywa chai taratibu, wanaondoka saa tano, kisha wanashangaa. Baba yangu alikuwa mvuvi. Hakuwahi kuvuka na abiria baada ya saa nne asubuhi, hata aahidiwe nini. Vipindi vya masika na vuli, ongeza radi za usiku na alfajiri. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, hutoa utabiri wa Ziwa Victoria, usomeni jioni kabla ya safari.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiguswe.

Mvuvi wa fimbo, Ilemela:
Kwa sangara, msihangaike na fimbo ndefu za bei mbaya. Chukua fupi, nene, yenye rili (kigurudumu cha kuzungushia mshipi) inayobeba mshipi mwingi. Hela ielekeze kwenye mshipi na ndoano. Sangara hana meno ya kukata, ila kinywa chake kina ukwaruzo kama msasa, na ukimchosha muda mrefu anasaga mshipi mwembamba mpaka unaachia. Mwishoni, karibu na ndoano, mimi hufunga kipande cha mshipi mnene karibu milimita moja, urefu wa kama mikono miwili. Akija juu hutikisa kichwa, hapo ndipo wengi humpoteza. Usilegeze.

Mfuniko wa shavu lake una makali. Vaa glovu, mshike taya la chini, usiingize vidole mashavuni.

Sehemu nzuri ni kandokando ya mawe yanayozama ghafla, ukiburuta chambo bandia taratibu nyuma ya boti. Aliye chini ya sentimita 50 mrudishe, ni sheria. Nina sababu yangu pia: huyo bado hajazaa, na tukimla leo wajukuu watabaki kusimuliwa. Kokoro (wavu wa kukokota hadi ufukweni) na nyavu za plastiki zimepigwa marufuku, ukiona mtu anakukodishia "kwa kujiburudisha tu", kataa. Na kwenye maji ya hifadhi, Saanane au Rubondo, usitupe ndoano kienyeji. Rubondo utalii wa kuvua upo, lakini kwa kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Usiku wa giza hakuna mwezi, taa zile mnazoziona kama mji juu ya maji ni za wavuvi wa dagaa. Pitia mbali nao.

Dereva wa Lamadi:
Mimi ni wa nchi kavu, nina Land Cruiser yenye hema juu. Hema la juu linafaa sana ufukweni kwa sababu ya kiboko. Anatoka majini usiku kula majani, anapita njia yake ileile. Ukiona kijia kipana kilicholala majani kutoka majini, usiweke hema hapo hata kama pana kivuli kizuri. Moto wako uwe upande wa nchi kavu, usimzibie njia ya kurudi majini.

Mvua ikinyesha, udongo mweusi unaonata wa mbuga unakamata gari kubwa na dogo sawasawa. Lala karibu na barabara ya changarawe.

Muuguzi, Nyamagana:
Kichocho kipo. Maji ya pembeni yenye majani na konokono ndiyo hatari zaidi, na ndiyo hapo watoto hupenda kuchezea. Shukeni kwenye gati, au vaeni buti za mpira. Mliowahi kuogelea, nendeni mkapime na mpewe dawa, msisubiri dalili zijitokeze. Chandarua pia, hata kwa usiku mmoja.

Mwenye uzi:
Asanteni sana, dada wa Ukerewe hasa, hilo la mkanda wa jaketi la mtoto nalifanyia kazi wiki hii. Sasa nataka kupeleka familia Rubondo kwa boti yetu wenyewe, watu sita na mizigo ya kambi. Waliopitia Nkome na waliopitia Kasenda, semeni maji yakoje kila upande, na gari mliliacha wapi.